Doa la Unyayoni na Kadi ya Bima



Wapenzi wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya uzima na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twaingia katika mada ya juma hili, nayo ni saratani ya ngozi. Twajua kuwa baadhi yenu mtashangaa. Saratani ya titi twaisikia, ya shingo ya kizazi twaisikia, na ile ya umio imewatwaa jamaa zetu si haba. Lakini ya ngozi? Aghalabu hudhaniwa kuwa ni maradhi ya wageni wa Diani, wale wanaolala mchangani mchana kutwa mpaka wakawa wekundu kama kamba aliyechemshwa.

Dhana hiyo ina ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba weusi wa ngozi ni kinga aliyotujaalia Mola wetu, na kwa hiyo saratani hii ni chache kwetu. Hata hivyo inapotufika, mara nyingi haichagui mahali pa jua. Aina yake iliyo kali zaidi, iitwayo melanoma, kwa watu weusi hupenda kuota kwenye nyayo, kwenye viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki wa Jamaika, Bob Marley, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, baada ya maradhi kusambaa mwilini.

Iko aina nyingine ambayo huota juu ya kovu kuukuu la moto au juu ya kidonda kilichokaa miaka bila ya kupona. Wahenga walituambia kuwa mwenye kovu usidhani kapoa, na katika jambo hili msemo huo ni wa kweli kama ulivyo. Mama aliyemwagikiwa na mafuta ya moto jikoni akiwa msichana, kisha kovu lile likaanza kuchimbika na kutoa maji baada ya miaka ishirini, hafai kuambiwa kuwa ni kidonda cha kawaida. Na wako ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina ile kinga ya rangi. Kwao jua la Pwani ni adui wa kila siku, na saratani ya ngozi huweza kuwafika wakiwa bado vijana.

Sasa twende kwenye kiini cha maneno yetu. Saratani nyingi hujificha ndani ya mwili, nazo hutafutwa kwa mashine za gharama kubwa. Saratani ya ngozi iko juu ya mwili, mahali panapoonekana kwa macho matupu. Kwa kanuni ya akili, ndiyo iliyopaswa kuwa nyepesi kuliko zote kugunduliwa mapema, awe mtu ni tajiri au maskini. Kwa nini basi maskini hufika kwa daktari akiwa amechelewa, ilhali doa amelitazama kwa miezi?

Kwanza tufahamu kuchelewa huko kuna maana gani. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, alionyesha kwamba hatari ya melanoma hufuata unene wake, yaani jinsi ilivyozama ndani ya ngozi, na unene huo hupimwa kwa milimita. Ikiwa chini ya milimita moja, kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji mdogo, kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa akarudi nyumbani siku ile ile. Ikizama zaidi huweza kuingia kwenye tezi, kisha ikaenda mapafuni, kwenye ini na kwenye ubongo. Takwimu za Marekani zaonyesha kuwa wanaogunduliwa ikiwa haijatoka mahali ilipoota, takribani 99 katika kila 100 huvuka miaka mitano wakilinganishwa na watu wasio na maradhi hayo. Ikishafika viungo vya mbali, wanaovuka ni kama thuluthi moja tu. Umbali baina ya makundi hayo mawili ni milimita chache, na milimita hizo ni miezi ya kungoja.

Huko Marekani ndiko pia jambo hili la kipato na bima lilikochunguzwa kwa muda mrefu. Wengi wao hupata bima kupitia kazi zao. Wazee wa miaka 65 na zaidi wana mfuko wa serikali uitwao Medicare, na maskini wana mfuko uitwao Medicaid, na yote miwili ilianzishwa mwaka 1965. Baina yao wapo mamilioni wasio na bima yoyote. Tafiti nyingi zilizolinganisha makundi haya zimekuta jambo moja: wasio na bima, na walio katika mfuko wa maskini, hugunduliwa melanoma ikiwa imeendelea zaidi kuliko wenye bima za kibinafsi. Wagonjwa weusi nao hugunduliwa kwa kuchelewa kuliko weupe, kwa kuwa wao wenyewe hawaidhanii, na baadhi ya madaktari pia hawaidhanii.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Mtu wa Medicaid anayo kadi, na bado huchelewa. Sababu mojawapo ni kwamba madaktari wengi wa ngozi hawapokei kadi hiyo kwa kuwa malipo yake ni madogo, na wachache wanaoipokea wana foleni ndefu. Kwa hiyo bima ni sharti la kwanza, lakini pato la nyumba huendelea kusema hata baada ya kadi kupatikana: husema katika nauli, katika siku ya kazi iliyopotea, na katika umbali wa daktari.

Tuchukue mfano wa kubuni wa akina mama wawili wa mtaa mmoja na rika moja, ambao kila mmoja ameona doa jeusi kwenye wayo wake. Wa kwanza mumewe ameajiriwa, na mwajiri amewakatia bima ya matibabu. Jumatatu amwambia mumewe, Jumatano yuko kwa daktari, juma lifuatalo amekatwa kipande kidogo cha ngozi kikapelekwa maabara, na kabla ya mwezi kwisha amepata jibu.

Wa pili huuza mahamri na mbaazi alfajiri, na viazi karai jioni. Kwenda hospitali kwake ni kutowasha jiko siku hiyo, na siku isiyowashwa jiko hula mtaji wa kesho. Aliweka doa lile kwenye mizani pamoja na kodi ya nyumba, karo ya watoto na deni la unga dukani. Doa haliumi, na jambo lisilouma hushindwa kila mara katika mizani hiyo. Akanunua marhamu ya shilingi chache kwenye duka la dawa. Miezi ikapita. Lilipoanza kutoa damu alidhani amejikwaa. Alipofika kwa daktari, kinena kilikuwa kimeshavimba.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeipuuza afya yake. Wa kwanza aliweza kuuliza swali bila ya kulilipia. Wa pili alilazimika kuwa na hakika kwanza kuwa ni maradhi ndipo atumie pesa, na hakika hiyo huja pale ambapo maradhi yameshakomaa. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya bima ambayo wengi hatuitambui. Twaihesabu kuwa ni ya kulipia kitanda na upasuaji, kumbe faida yake ya mwanzo ni kumpa mtu ujasiri wa kwenda kuuliza mapema.

Je, hapa kwetu Kenya hali ikoje? Mfuko wa NHIF tuliouzoea tangu mwaka 1966 umeondolewa na sheria mpya ya mwaka 2023, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, tuijuayo kwa jina la SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na ajira rasmi, kama vile mvuvi, mwenye tuktuk, mshonaji au muuza viazi, hutathminiwa uwezo wa kaya yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo hulipwa za mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600.

Katika utaratibu huu yako mambo matatu ambayo akina mama wengi hawajayapambanua, nasi twaomba myatie akilini.

La kwanza ni kwamba kujiandikisha si sawa na kulipa. Aliyejiandikisha hutazamwa bila ya malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika utaratibu huo, yaani vya ngazi ya 2 na ya 3, kwa kuwa huko hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na serikali. Maana yake ni kwamba mlango wa kuuliza uko wazi hata kwa asiye na kitu, madhali ameandikishwa. Lakini daktari wa zahanati akishasema kuwa doa hili likakatwe na kupimwa, mgonjwa huelekezwa hospitali ya ngazi ya juu, na huko hutakiwa awe amelipa mchango wake. Hapo ndipo wengi hukwama. Wana barua mkononi na mchango haujalipwa, barua ikakaa kabatini chini ya leso.

La pili ni kwamba matibabu ya saratani hulipiwa hadi kikomo maalumu kwa kila kaya kwa mwaka. Anayewahi doa likiwa dogo huhitaji upasuaji mdogo tu. Anayechelewa huhitaji dawa za mishipani na mionzi, na gharama hizo huweza kukimaliza kikomo kabla ya mwaka kwisha, kisha familia ikaanza kupitisha bakuli la mchango na kuuza kiwanja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa saratani hujengwa kwa mali ya urithi wa watoto.

La tatu lawahusu mama zetu wazee. Kadi ya kijana humfunika yeye, mkewe na watoto wake. Haimfuniki mamake mzazi, hata kama waishi nyumba moja na wala chungu kimoja. Bibi yule huhesabiwa kuwa kaya yake mwenyewe. Wazee wengi hukaa kwa utulivu wakiamini kuwa mwanao ameshawalipia, na ukweli hujulikana siku ya kufika dirishani. Nao ndio wenye nyayo zilizopasuka na macho yasiyoona vyema, na hatari ya saratani huongezeka kadiri umri unavyosonga. Kijana amwandikishe mamake kwa simu, kwa kupiga *147#, kisha amlipie. Hiyo ni sehemu ya kuwatendea wema wazazi.

Twajua kuwa wako waumini ambao huiogopa bima kwa sababu ya dini, na hofu yao si ya kudharauliwa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Jeddah mwezi wa Disemba 1985, lilikataza bima ya kibiashara kwa ajili ya gharari iliyomo ndani yake, na likaruhusu bima ya ushirikiano, ambayo msingi wake ni watu kuchangiana wabebeane mizigo. Kutokana na mwelekeo huo zimeanzishwa kampuni za takaful, na hapa Kenya pia zipo. Ama mfuko wa afya wa taifa, huo hauna wenye hisa wanaogawana faida: michango hukusanywa na kuwalipia waliougua. Aliye na shaka amwendee sheikh wake aulize leo, akiwa mzima. Kubaki katikati, asiingie katika bima wala asiulize, kutamwacha mikono mitupu siku ya haja.

Sasa tuje kwenye kutazama kwenyewe, kwa kuwa kadi iliyolipwa haifai kitu ikiwa doa halijaonwa. Mwislamu huosha miguu yake mara tano kwa siku. Ni watu gani wengine waliopewa nafasi kama hiyo? Basi japo mara moja kwa mwezi, wakati wa udhu, mama na ageuze wayo autazame, apanue vidole atazame baina yake, kisha atazame kucha na viganja. Asiyeweza kuinama atazamwe na binti yake au mkaza mwana anapompaka mafuta.

Wanawake wa Pwani tunalo jambo letu la pekee, nalo ni hina na piko. Ni pambo zuri na ni mila yetu, ila hufunika kucha na nyayo kwa majuma kadhaa, na hapo ndipo mahali hasa ambapo melanoma ya mtu mweusi hujificha. Kwa hiyo iwe desturi: kabla ya kupaka, tazama. Nanyi wapambaji hina, ambao hushika miguu ya wanawake wengi kuliko daktari yeyote, mkiona lisilo la kawaida mwambieni mwenyewe kwa upole, faraghani, asitahayari mbele ya wenzake.

Ni yapi ya kutilia shaka? Doa ambalo upande wake mmoja haufanani na wa pili, au kingo zake zimechongoka ovyo, au lina rangi zaidi ya moja, au limepita milimita 6, ambazo ni kama upana wa kifutio kilicho nyuma ya penseli. Zaidi ya yote ni doa linalobadilika. Kwenye kucha ni mstari mweusi katika ukucha mmoja, unaopanuka au unaoenea hadi kwenye nyama ya kando. Mistari myembamba katika kucha nyingi ni jambo la kawaida kwa watu weusi, wala isiwatie hofu. Kidonda chochote kisichopona kwa mwezi mmoja nacho kionyeshwe, hasa kikiwa juu ya kovu.

Na haya? Wengi wetu huona vigumu kumfunulia mwili daktari mwanamume. Mashekhe wetu wametufundisha kuwa matibabu ni haja inayoruhusu kufunuliwa kile kinachohitajika kwa kiasi chake, na akipatikana daktari mwanamke atangulizwe. Mficha uchi hazai, na mwenye kuficha maradhi kifo humuumbua.

Limebaki la mfuko. Shilingi 3,600 kwa mwaka hazifiki shilingi 10 kwa siku. Kinachowashinda wengi ni kuzipata zote kwa siku moja. Mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa kulipa kidogo kidogo uitwao Lipa SHA Pole Pole, na mwenye kuuhitaji auulizie, akihakikisha kwanza kuwa masharti yake yaafikiana na dini yake. Lakini sisi wenyewe tunavyo vyama vyetu. Tunachezeana mchezo wa vyombo, wa leso na wa sare za harusi. Chama cha wanawake ishirini kikitenga zamu moja kwa ajili ya kumlipia kila mmoja mchango wake wa mwaka, hakuna atakayekwama dirishani na barua mkononi. Kamati za misikiti nazo, zinapogawa zaka na sadaka, zimkumbuke fakiri anayehitaji nauli ya kwenda hospitali na gharama ya kipimo, kabla hajahitaji sanda.

Hili si jambo geni katika umma wetu. Sultan Qalawun alijenga hospitali mjini Cairo mwaka 1284, akaiwekea wakfu wa mali ili iwatibu watu bila ya kuwauliza pato lao. Na katika zama zetu, jirani zetu wa Moshi, Tanzania, wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ambako hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hawakungoja mgonjwa apate pesa za kuja. Huwafuata walipo, huwapa losheni na huwakagua ngozi. Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni ya kukinga jua bila ya malipo. Aliye na mtoto wa namna hiyo amwandikishe katika baraza hilo, amvishe mikono mirefu na kofia pana, na asimfungie ndani kwa kuona aibu.

Wapenzi wasomaji, kabla ya juma hili kwisha, kila nyumba na ifanye mambo mawili. Tazameni nyayo za wote, kuanzia bibi mpaka mtoto, wala msimsahau yule dada anayewasaidia kazi za ndani. Kisha ulizeni, mmoja mmoja, ni nani ameandikishwa, ni nani amelipiwa, na ni nani anayedhani amelipiwa. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo pengine litakalowashangaza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atupe wasaa wa kusaidiana kabla ya kuhitajiana. Amin.

Wabillahi tawfiq.